Usimwache

Mwezi uliopita nilikuwa natembea barabara kuu ya Wembley, mikono yote miwili ina mifuko ya sokoni, nikapita mbele ya mwanamume aliyetandaza mikoba ya ngozi juu ya turubai karibu na kituo cha basi. Ilikuwa ngozi mpya, ile ambayo haijakauka sawasawa. Harufu ikanipanda puani, nikaweka mifuko chini. Mimi si mtu wa kuangukaanguka njiani, wanaonijua wanajua, lakini siku ile mabasi mawili yalinipita nimeshika nguzo, nameza mate. Yule mwanamume akaniuliza kama ni mja mzito. Nikamwambia hapana, ni Fez. Hakunielewa, na sikumlaumu.

Nyinyi wa rika langu, mliolelewa London na wazazi wa pwani, mtanielewa nikisema kwamba nyumbani kwetu lugha zilikuwa mbili na kila moja ilikuwa na kazi yake. Kiswahili kilikuwa cha kusikiliza, Kiingereza cha kujibu. Mama akiniambia nivue viatu, mimi namjibu kwa Kiingereza kwamba nimeshavua, na hakuna aliyeona ajabu. Baba na Mama walizaliwa Mombasa, mimi nikazaliwa hapa, na kwa kuwa nilielewa kila nilichoambiwa, nilijihesabu kuwa Kiswahili nakijua chote. Kumbe wapi! Nilikuwa na miaka tisa na sikuwahi kutunga sentensi nzima kwa kinywa changu.

Baba alikuwa mfanyabiashara wa ngozi. Kila baada ya miezi michache alikwenda Fez, kule Moroko, akarudi na makubadhi ya manjano, mikoba, na yale mapufu, mito minene ya ngozi ya kukalia, akaviuza kwenye gulio la Jumapili karibu na uwanja wa mpira. Wiki nzima mali ile ililala kwetu, ghorofa ya tatu, kwenye korido na nyuma ya kochi na chini ya kitanda changu. Sare yangu ya shule ilinuka ngozi. Watoto walinitania, nami nikawaambia baba yangu ana ng'ombe mia.

Hakuwa mtu wa kelele, baba yangu. Angekuwa wa kelele, ningejua mapema. Akimkasirikia Mama alinyamaza tu, akaacha kumsemesha wiki moja, mbili, mara nyingine mwezi, na katika siku hizo mimi ndiye niliyekuwa posta. Tunakaa mezani watatu, bega kwa bega, Baba ananiangalia mimi anasema, "Mwambie mama yako chumvi imezidi." Mama naye, macho kwenye sahani, "Mwambie nimesikia." Mwambie natoka. Mpe hii. Muulize funguo kaweka wapi. Kiswahili pekee nilichowahi kutumwa nacho kilikuwa hicho, mwambie, mpe, muulize, nami nikaufikisha ujumbe kwa Kiingereza, nikadhani ni mchezo wa familia yetu. Nilijiona mtu muhimu sana.

Kuna mara moja Mama alirudi kutoka hospitali vidole viwili vya mkono wa kushoto vimefungwa bendeji. Akaniambia ni mlango wa chumbani umembana. Kazini kwake, kwenye nyumba ya kulelea wazee, aliwaambia mlango. Mwalimu wangu aliponiuliza, nami nikasema mlango, na nikamchorea, mlango mwekundu wenye meno. Mwalimu aliutazama mchoro ule kwa muda mrefu, kisha akaubandika ukutani pamoja na ya wenzangu.

Sasa, safari yenyewe. Baba alikuwa Fez tangu kabla ya mwaka mpya, na alikuwa ameondoka katika kimya chake, bila kumuaga Mama. Mimi, kwa utundu wangu, nikachukua mkasi nikapasua pufu moja, jekundu, la mteja aliyekwisha kuliagiza. Nilitaka kujua ndani kuna nini. Kulikuwa na magazeti ya Kiarabu yaliyofinyangwa. Mama alinikuta nimezungukwa na magazeti, nikajikunyata nikisubiri kofi, lakini hakunipiga. Alikaa chini kwenye zulia, akayarudisha magazeti moja moja, akatia uzi kwenye sindano akashona. Akasema, "Baba yako asijue." Bora angenipiga.

Siku mbili baadaye, Jumamosi mchana, Mama akampigia simu mdogo wake Mombasa, Khala Zuhura. Mnazikumbuka zile kadi za simu za kukwaruza, zenye bibi anayekwambia umebakiwa na dakika ngapi? Kwa sababu ya bibi yule Mama alizungumza haraka haraka. Mimi nilikuwa koridoni, nyuma ya nguo zinazokauka, nikasikia haya, na mpaka leo nayajua kama Fatiha:

"Nimechoka naye, Zuhura. Nimevumilia, basi. Tukienda Fez nitamwacha. Huko huko, mbele ya Ami." Khala akasema kitu upande wa pili. Mama akajibu, "Hapana, hajui. Usimwambie mtu. Nitamwambia mwenyewe tukifika."

Ami ni ndugu wa baba yake Mama. Alikwenda Fez kusoma dini akiwa kijana, akaoa huko, akabaki huko, na Baba akienda kununua mali hufikia kwake. Babu yangu alipofariki, Ami ndiye aliyebaki kuwa mzee wa Mama, na ndiye aliyemwoza. Kwa hiyo nyinyi mshaelewa Mama alikuwa anamsema nani, na kwa nini alitaka kulisema jambo lile mbele ya mtu pekee ambaye Baba alikuwa akimheshimu. Mimi sikuelewa hivyo.

Kiswahili chetu hakibagui. Nitamwacha: mume, mke, mtoto, paka, wote wanaingia humo. Na katika soga zote za Khala nilizowahi kusikia, wanaoachwa walikuwa wanawake. Fulani kaachwa. Yule binti wa jirani kaachwa na mimba ya miezi saba. Mwanamke kumwacha mwanamume, hilo hakuna aliyewahi kuniambia kuwa lipo duniani. Sasa mama anaweza kumwacha nani? Tena aliyechoka naye? Nikalitazama lile pufu jekundu, mshono wake mweusi umejipinda, nikajua ni mimi.

Na ilikuwa inatokea, msidhani nilijitungia. Kwenye chuo chetu cha Kurani kulikuwa na msichana anaitwa Rukia, mdomo mrefu, anajibizana na kila mtu. Alipelekwa Mombasa likizo. Muhula ulipoanza, mama yake alirudi peke yake, amebeba mfuko wa mabuyu mekundu kwa ajili yetu watoto. Tuliyala mabuyu yale mpaka ndimi zikawa nyekundu, na hakuna hata mmoja aliyeuliza Rukia yuko wapi. Mkeka wake ulikaliwa na mtoto mwingine Jumamosi iliyofuata.

Wiki tatu zile kabla ya safari kila kitu kilinithibitishia. Mama aliacha kunikaripia. Aliniachia kula chipsi siku mbili mfululizo. Alininunulia viatu vya baridi, namba moja zaidi, akabonyeza ncha kwa kidole akasema vitanifaa mpaka mwakani. Mwakani! Alipanga nguo zangu kwenye sanduku dogo la peke yangu, sweta zote, na safari ni ya siku tano. Halafu nikamwona akiitoa hati yangu ya kuzaliwa kwenye boksi la chuma, akaikunja, akaitia ndani ya mkoba wake, mfuko wenye zipu. Leo najua aliibeba kwa sababu aliogopa Baba anaweza kuninyang'anya huko ugenini. Wakati ule niliona kwamba mtu akikabidhiwa kwa wengine, lazima karatasi zake zimfuate.

Sikumwambia mtu. Nilijitahidi kuwa mzuri. Nilifua soksi zangu, nikatandika kitanda, nikamaliza ugali. Mama akanitazama akaniuliza kama naumwa.

Tulikwenda likizo fupi ya katikati ya muhula, wakati wa baridi. Magari hayaingii katika mji mkongwe wa Fez, kwa hiyo teksi ilitushusha nje ya ukuta, kwenye manyunyu. Ukuta ulikuwa na rangi ya mkate mkavu, umekwenda mpaka macho yanapoishia, na umetobolewa vitundu, mstari kwa mstari, ndege wanaingia na kutoka. Nilivitazama vitundu vile nikitafuta kimoja kinachoweza kunitosha. Lango lilikuwa la buluu. Tulipokwisha pita nikageuka nyuma, na kwa ndani lilikuwa la kijani. Wallahi! Lango nililoingilia lilikuwa halipo tena.

Baba alikuwa anatungoja kwa ndani, amevaa joho la sufu la kule lenye kofia. Akanibusu kichwani. Kisha akaniambia, "Mwambie mama yako karibu." Mama alikuwa amesimama pale pale, umbali wa mkono, mvua inamdondokea kwenye mtandio. Nikamwambia.

Njia za mji ule ni nyembamba kuliko korido yetu. Kuta zimepanda pande zote mbili hazina dirisha hata moja, na mbingu imebaki kama utepe. Hatukuwa tumekwenda mbali mtu akapiga ukelele nyuma yetu: "Balak! Balak!" Mimi nikasikia balaa. Balaa! Balaa! Mama akanivuta ukutani, nyumbu akapita amelemewa na ngozi mbichi, zinachuruzika, manyoya yanatugusa mikononi. Kona nyingine, mtu mwingine, balaa, balaa. Kilichonitia hofu zaidi ni kwamba watu hawakukimbia. Balaa inatangazwa, wanajibanza ukutani, inapita, wanarudi kuchagua zeituni. Nilipomuuliza Baba akacheka, akasema maana yake ni pisha, jihadhari. Sikumwamini. Nilijua balaa ni nini, Mama alikuwa akilitaja kila bili ikija.

Nilijaribu kukariri njia. Kushoto kwenye kinyozi, kulia kwenye bomba la maji lenye vigae, shuka ngazi. Kufika kona ya saba nikapotea, kwa kuwa kinyozi alikuwa kila mahali.

Nyumba ya Ami kwa nje ilikuwa mlango tu na ukuta. Ndani, masha Allah, ua wenye vigae, nguzo, na juu kabisa wavu wa chuma unaopitisha mwanga. Ami alikuwa mzee mwembamba mwenye kikohozi, Kiswahili chake cha zamani, Kiingereza hajui hata salamu. Alifurahi sana kuniona. Mkewe, Lala Zahra, na Lala kwao ni kama Bi kwetu, alinishika mashavu akasema maneno mengi ya kwao, kisha akanionyesha kitanda nilichotandikiwa, blanketi jipya bado lina alama za kukunjwa. Akaleta utepe wa fundi, akanipima mabega na urefu, kwa ajili ya nguo. Ami akanitafsiria: anasema ataacha upindo mkubwa chini, kwa sababu wewe utakua. Mama akatabasamu akashukuru. Mimi niliutazama ule upindo usiokuwapo bado, nikahesabu utachukua miaka mingapi kuisha.

Siku ya pili Baba alitupeleka kuona ngozi zinavyotengenezwa. Mlangoni wakatupa majani ya nanaa tuyashike puani. Kutoka juu tukaona mashimo ya mawe, mamia, mengine meupe, mengine ya kahawia na mekundu, na wanaume wamesimama ndani mpaka mapajani, wanakanyaga. Baba akanieleza, kwa fahari, kwamba ngozi kwanza hulowekwa katika mavi ya njiwa ili ilainike. Ngumu, akasema, huwa inakataa mwanzo, lakini ukiiloweka na kuikanyaga kila siku, mwisho inakuwa laini kama hariri. Alisema haya akimtazama Mama. Nanaa yangu ilianguka, ile harufu ikaniingia yote, nikatapika kwenye viatu vyangu vipya. Mama alipiga magoti akavifuta kwa mtandio wake.

Siku ya tatu, baada ya sala ya alasiri, Mama aliniambia nipande juu ya paa na Lala Zahra nikamsaidie kuanua nguo. Alinishika kidevu, akanitazama kwa namna ambayo hakuwa akinitazama siku nyingine, akasema nisishuke mpaka aniite. Nikajua ndiyo leo.

Paani kulikuwa na upepo. Lala Zahra akaanua, mimi nikalala kifudifudi kwenye ule wavu wa chuma, nikachungulia uani. Niliwaona watatu. Ami kwenye mto, Baba karibu na ngazi, Mama mbele yao na mkoba mapajani. Mama alikuwa anazungumza. Sikusikia kitu, kikohozi cha Ami tu. Alizungumza kwa muda, Baba hakujitikisa, kisha Mama akafungua zipu, akatoa hati yangu ya kuzaliwa, akaikunjua, akaiweka mbele ya Ami.

Nilishuka ngazi zile sijui vipi. Kiatu kimoja kilibaki njiani. Kufika chini nikateleza kwenye vigae, nikamdaka Baba kanzu, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa karibu, nikabaki nimemng'ang'ania hivyo hivyo nisianguke. Wote watatu wakanigeukia. Nikafungua kinywa kusema kwa Kiingereza, nikakumbuka kwamba Ami hajui Kiingereza, na Ami ndiye anayekabidhiwa, lazima yeye naye asikie. Basi kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikakitafuta Kiswahili changu mwenyewe. Nilichokipata ni lile neno nililolibeba kifuani wiki tatu, na nililitoa kama lilivyoingia.

"Usimwache, Mama," nikasema. "Nakuomba. Usimwache. Usimwache."

Mama alikuwa mweupe kama chokaa. Ami aliacha kukohoa. Baba akaniwekea mkono kichwani, mkono mzito wenye joto, na akamsemesha Mama uso kwa uso, kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze. "Umemsikia mtoto?"

Ami akasema taratibu kwamba yeye alikuwa tayari kumsimamia, lakini mtoto akishaingia katikati jambo linakuwa zito, na Mama afikiri. Mama hakumtazama. Alikuwa ananitazama mimi, na vidole vyangu vilivyokamata kanzu ya Baba.

"Ndivyo unavyotaka?" akaniuliza. "Nisimwache?"

"Ndiyo," nikamwambia.

Alinyoosha mkono, akaivuta karatasi kutoka mbele ya Ami. Kisha akaikunja ile hati, akairudisha mkobani, akafunga zipu.

"Basi," akasema. "Simwachi."

Sijawahi kufurahi kama nilivyofurahi siku ile, si siku ya arusi yangu, si siku niliyojifungua. Nililia, nikacheka, nikamkumbatia Baba, nikamkumbatia Ami. Lala Zahra akashuka na kapu la nguo, akaniona, akacheka pamoja nami bila kujua kuna nini. Mama alisimama akaenda kukiokota kiatu changu ngazini. Alipoinama pale alikaa sana, nikadhani anafunga kamba.

Kesho yake Baba aliahirisha kununua mali, akasema anarudi nasi. Siku ya tano tukatoka mjini watatu. Mimi mbele nimeshikwa mkono na Baba, Mama nyuma na masanduku, nyumbu wanapita, na kelele zile hazikunitisha tena.

Baada ya hapo niseme nini? Tuliishi. Baba aliniletea zawadi kila safari, na nilimpenda, siwezi kusema uongo, mtoto humpenda anayempenda. Kimya chake kilirudi kabla ya mwezi kwisha, nami nikarudi kazini kwangu, mwambie, mpe, muulize. Na ule mlango wetu uliendelea kumbana Mama. Kidole tena, kisha mkono, mara moja taya. Nilikuwa na miaka kumi na tatu ndipo nilipoacha kuamini habari za mlango, na bado sikusema kitu, kwa kuwa kufikia hapo nilikuwa nimeshazoea. Mama alizeeka upande mmoja wa uso kwanza. Kazini kwake wazee walimpenda. Nyumbani alitembea kwa kunyata, akijibanza ukutani Baba akitaka kupita.

Nilipokuwa mwaka wa pili chuo kikuu, Baba alikwenda Mombasa kuangalia kiwanja. Hakurudi. Baada ya miezi minne alipiga simu akamwambia Mama kwamba ameoa, na kwamba amemwacha. Ndivyo alivyolisema, kwa simu, na huku nyuma yake redio inaimba. Kwa hiyo mwisho wa yote aliyeachwa ni Mama. Nilikuwa nimesimama karibu naye jikoni. Alirudisha simu mahali pake, akaenda kuoga.

Sikuuliza chochote kwa miaka. Halafu Jumapili moja, mchana, nimekwenda kwake na mwanangu mdogo, tulikuwa tumekaa mezani tunakata mabamia, na redio ya jirani inasikika ukutani. Mwanangu alikuwa amelala kwenye kochi. Nilimtazama Mama, ule mkono wake ulivyokuwa ukikishika kisu, hasira ikanipanda kutoka nisikokujua. Nikamuuliza, na kwa Kiswahili, maana siku hizi nakisema vizuri, nilijifundisha ukubwani: kwa nini hukumwacha yule mtu mapema? Miaka yote ile, ulikuwa unangoja nini?

Mama hakuinua macho. Alimaliza bamia aliyoishika.

"Nilitaka," akasema. "Nilifunga safari mpaka Fez, nikalisema mbele ya Ami. Si wewe ulikuja ukanikataza?"

Kisu changu kilisimama.

"Ulishuka mbio, kiatu kimoja," akaendelea, "ukamshika baba yako kanzu, ukaniomba nisimwache. Na tangu uzaliwe ulikuwa hujanisemesha Kiswahili hata siku moja. Kila kitu Kiingereza. Nikasema moyoni, loo, mtoto huyu anampenda baba yake hivi, mpaka ametafuta lugha yangu aniombe nayo. Utamkatalia vipi? Nikaona nivumilie, ukue." Akachukua bamia nyingine. "Sijuti, mwanangu. Ulichonitaka nilikupa."

Silabi moja. Nilipaswa kusema usiniache, nikasema usimwache, kwa kuwa nyumbani kwetu hakuna aliyenifundisha kutumwa na neno langu mwenyewe. Lilikuwa kinywani mwangu pale mezani, lile la haki, baada ya miaka zaidi ya ishirini. Nilitaka kumpigia magoti nimwambie: Mama, nilikuwa najililia mimi. Nilidhani ni mimi. Nilitaka asikie, anipige, anilaani, nipumue. Kisha nikamtazama uso, upande ule mzima na upande ule mwingine, nikaona kwamba ana kitu kimoja tu cha kuonyesha kwa miaka yake yote ile, nacho ni kwamba alinipa mimi zawadi.

"Ahsante, Mama," nikasema.

"Wala si kitu," akasema, na akaniuliza kama nitakaa nile, au aanze kunifungia chakula cha kwenda nacho.